Kupanga vikundi vya maabara kabla havijajipanga vyenyewe

Waambie wanafunzi 96 wa mwaka wa kwanza wajipange wenyewe katika vikundi vya somo la programu, na ndani ya dakika 3 kazi imekwisha. Wanaolala chumba kimoja hosteli wako pamoja. Waliosoma shule moja wako pamoja. Vipanga wametafutana kwa macho wakapatana bila kusema neno. Nyuma kabisa, karibu na mlango, wamebaki 6 au 7 wasiojuana, nao wanaitwa kikundi kwa sababu tu hakuna aliyewachukua. Mwisho wa muhula, ukishika orodha ya mitihani ya marudio, majina ya watu wa mlangoni utayatambua.

Sisi tunaosimamia maabara za programu vyuoni hapa Tanzania tunapenda kulaumu kutegea. Kutegea kupo, na tutakufikia. Lakini kikundi kikifa juma la 7, ukikifuatilia nyuma utakuta ufa ulikuwepo tangu siku ya kukipanga: wawili hawana saa hata moja ya kukutana, au kompyuta mpakato ni moja na mwenyewe hapendi ishikwe, au kazi ilitolewa ikiwa imeshakatwa vipande. Mwalimu ndiye aliyepanga hivyo, au ndiye aliyeacha mambo yajipange hivyo.

Idadi kwanza, maana hiyo ndiyo rahisi. Kwenye kibodi, watu 2 kwa kompyuta moja. Wakiwa 3, wa tatu anachezea simu, wala si kwa utundu: haoni skrini. Kwa mradi wa wiki kadhaa, watu 4. Ukizidisha hapo hesabu inakugeuka. Watu 4 wana jozi 6 zinazopaswa kuelewana, watu 6 wana jozi 15, watu 8 wana jozi 28, na kila jozi ni mazungumzo ambayo yasipofanyika, msimbo (maandishi ya programu) wa mmoja haukubaliani na wa mwingine. Mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, Max Ringelmann, aliwapima watu wakivuta kamba, na katika maandishi yake ya 1913 inaonekana kwamba watu 8 wakivuta pamoja hawafikishi hata nusu ya nguvu zao zikijumlishwa mmoja mmoja. Na kwenye kamba angalau kila mtu ameishika.

Ugumu uko kwenye nani akae na nani. Darasa letu lina milango miwili. Wapo waliotoka kidato cha sita, PCM, PGM au EGM, wenye hesabu kali kichwani, lakini baadhi yao kibodi wameikutia chuoni. Wapo waliopitia diploma, ambao wameshaunda kurasa za wavuti kwa lugha ya PHP na hifadhidata ndogo, wengine hadi wakalipwa mtaani. Kwenye karatasi za udahili wote wanaonekana sawa. Kwenye maabara, mmoja anatafuta alama ya nukta mbili iko wapi, mwenzake ameshamaliza na anaangalia mpira.

Kwa hiyo juma la 1 tunagawa nusu karatasi yenye maswali 6. Tunatumia karatasi kwa sababu wiki hiyo wengi hawajapata akaunti ya chuo, na bando ni la kubana. Unaishi wapi, na lazima uondoke chuoni saa ngapi? Saa zipi za wiki huna kipindi? Una kompyuta yako? Umewahi kuandika programu ikafanya kazi, na kwa lugha gani? Unarudia somo hili? Swali la 6 ni kipande hiki cha lugha ya programu ya Python, na ombi moja tu: andika kitakachotokea kwenye skrini.

x = 0
for i in range(1, 4):
    x = x + i
    print(x)

Jibu ni 1, 3, 6, kila namba kwenye mstari wake. Faida kubwa lakini iko kwenye majibu yaliyokosewa. Aliyeandika 1, 2, 3 ameiona i, hajaiona x ikijilimbikiza. Aliyeandika 1, 3, 6, 10 anafikiri 4 imo ndani ya mzunguko. Aliyeandika 6 peke yake hajajua kwamba nafasi ya mbele ya print ina maana. Aliyeacha wazi hajawahi kuona kitu cha namna hii maishani. Dakika 10 za karatasi hiyo zinakupa picha ambayo swali la "kiwango chako ni kipi?" halitakupa kamwe. Ukiuliza hivyo, mwenye diploma atajipa 9 kati ya 10 na wa PCM atajipa 3, na mara nyingi wote wawili watakuwa wamekosea.

Sasa kupanga. Saa ya pamoja kwanza, uwezo baadaye, na utaratibu huu usigeuzwe. Anayerudi Mbagala au Kibaha lazima awahi usafiri. Wa hosteli anaanza kuchangamka saa 3 usiku. Hata wapendane vipi, mradi wao utakuwa wa kutumiana ujumbe WhatsApp. Tunatenga kwanza mafungu mawili, wa mchana na wa jioni, na hatukubali kikundi kisicho na nafasi mbili za saa 2 kila wiki ambazo wote 4 wako huru. Ndani ya kila fungu ndipo tunapanga kwa uwezo.

Kanuni iliyozoeleka ni kichwa mmoja, wa wastani wawili, kilaza mmoja, kama mchanganyiko wa zege. Kwenye kujadili maswali ya mdomo inaweza kupita. Kwenye kibodi inaharibika mapema: kichwa anaandika, kilaza anatikisa kichwa kukubali, na baada ya wiki 3 wote wamezoea hali hiyo. Njia inayofanya kazi ni kupanga watu wa ngazi zinazogusana. Tuseme wote 96 wako fungu moja: chukua orodha yao kuanzia aliyefanya vizuri hadi wa mwisho, ikate mafungu 4 ya watu 24: A, B, C, D. Wa A anakaa na wa B kwenye kompyuta moja. Wa C anakaa na wa D. Kisha jozi moja ya A na B na jozi moja ya C na D zinakaa meza moja, ndicho kikundi. Unapata vikundi 24 kamili. D anamuuliza C mambo ambayo angeona aibu kumuuliza A, na C amelielewa jambo hilo wiki iliyopita tu, bado anakumbuka lilipokuwa linauma. A kwa upande wake anaulizwa na B maswali ambayo yanamlazimisha afikiri upya, jambo ambalo D asingeweza kumfanyia. Jozi mbili zinalinganisha majibu mwishoni.

Darasa halitoki 96 kila mwaka. Akibaki 1, kikundi kimoja kiwe cha watu 5. Wakibaki 2, viwili viwe vya 5. Wakibaki 3, wafanye kikundi chao. Usimwache mtu peke yake hata kama mwenyewe anaomba. Mara nyingi anayeomba ni kipanga, na kushirikiana ndilo somo asilolijua.

Wasichana wasisambazwe mmoja mmoja. Ukiwa nao 20 kati ya 96, mkono unakuwasha kuwagawa mmoja kwa kila kikundi hadi waishe, ionekane usawa. Matokeo yake, yule mmoja anakuwa katibu: anaandika ripoti, anapiga chapa, anapanga slaidi, na kwenye mtihani wa vitendo vidole vyake havijui kazi. Wawe 2 au zaidi, au kikundi kisiwe naye kabisa. Barbara Oakley, Richard Felder na wenzao walitoa ushauri wa namna hiyo mwaka 2004 kwa walimu wa Marekani, nasi hatujaona sababu ya kuubadilisha. Hali ni hiyo hiyo kwa anayerudia mwaka akiwa peke yake kati ya wageni watatu. Atanyamaza, na wenzake watadhani anategea.

Kwenye kibodi kuna dereva na mwelekezaji. Dereva anaandika. Mwelekezaji hagusi chochote: anasoma swali kwa sauti, ana karatasi na kalamu, anaangalia mbele. Wanafunzi wengine humwita utingo, na jina halijakosewa, kwa sababu kwenye lori linalorudi nyuma utingo ndiye anayeona. Kazi ya namna hii ya watu wawili ilienezwa na kina Kent Beck katika miaka ya 1990. Mwaka 1999 Laurie Williams aliijaribu kwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Utah: programu za jozi zilipita majaribio mengi kuliko za waliofanya peke yao, na muda wa ziada uliotumika haukuwa mkubwa.

Angalia inavyokwenda. Zoezi ni la chenji ya daladala ya mkoani: abiria ametoa noti ya 10,000, nauli ni 3,400, programu iseme arudishiwe noti na sarafu zipi. Dereva anaandika:

chenji = 10000 - 3400
print(chenji / 5000)

Skrini inatoa 1.32. Dereva anasema imekubali, anataka kusonga mbele. Mwelekezaji akiwa macho anasema, "Mwanangu, noti moja na nukta thelathini na mbili? Hiyo konda ataikatia wapi?" Hapo ndipo somo lilipo. Wanarudi kwenye madokezo, wanakuta // inayotoa namba nzima na % inayotoa kinachobaki. Sasa 6600 // 5000 ni 1 na 6600 % 5000 ni 1600. Mwelekezaji anachora safu kwenye karatasi, 5000, 2000, 1000, 500, 200, 100, 50, na kujaza kwa mkono: 1, 0, 1, 1, 0, 1, 0. Programu ikitoa hayo hayo, wanabadilishana viti. Zoezi linalofuata ni la mwelekezaji mpya: tafuta nauli itakayoivunja. Akiweka 3,430 chenji inakuwa 6,570, programu inagawa hadi 50 ya mwisho, na shilingi 20 zinapotea kimya kimya bila kosa lolote kuonekana kwenye skrini. Mtu akifanya peke yake huwa hafiki hapo, kwa sababu akiona programu imekubali anafunga.

Maabara ya dakika 120 tunaigawa hivi: 10 za kuwasha na kuingia, zamu 4 za dakika 20 za kubadilishana dereva, na 30 za mwisho jozi mbili za meza moja kulinganisha. Kengele ilie kwenye simu ya mwalimu. Ukiwaachia wenyewe kubadilishana hawatabadilishana, dereva huwa "anamalizia tu hapa." Umeme ukikatika, kazi haisimami: kuwe na karatasi ya msimbo wa kufuatilia kwa mkono kwa kila meza, imeshachapwa tangu asubuhi. Saa moja ya kufuatilia mizunguko ya programu kwa kalamu si hasara hata kidogo. Tungeweza hata kusema ukatike mara moja kwa mwezi.

Kuhusu lugha, tumechelewa kukubali. Mhadhara ni wa Kiingereza, mtihani ni wa Kiingereza, na maneno ya programu kama for na while hayana budi kubaki yalivyo. Lakini ukilazimisha kikundi kijadiliane kwa Kiingereza, anayezungumza ni yule aliyesoma shule ya Kiingereza tangu chekechea, awe amelielewa jambo au la. Wengine wanaitikia. Waache wabishane kwa Kiswahili: "Hapa inazunguka mara ngapi?" "Ikifika 3 inatoka au inaingia?" Kisha kila jozi iandike sentensi 2 za Kiingereza za kueleza walichokubaliana, kwa mkono wa yule aliyezungumza kidogo. Hapo wanapata vyote viwili, na wewe unajua mara moja nani hajaelewa, kwa sababu sentensi zake zimenakiliwa kutoka kwenye slaidi.

Sasa kutegea. Kazi inayogawanyika itagawanywa. Ukisema "tengenezeni mfumo wa maktaba," mmoja atachukua ripoti, mmoja slaidi, mmoja atanunua chapati na soda za usiku, na A ataandika msimbo wote. Nao hawajafanya kosa: wamegawana kazi kama binadamu yeyote anavyogawana. Lililokosewa ni swali. Likate hivi: mfumo una sehemu 4, kuazima, kurudisha, kutafuta kitabu, kukokotoa faini. Kila mtu anaandika sehemu moja, na anaandika majaribio 5 ya sehemu ya mwenzake. Anayeandika majaribio lazima aielewe sehemu asiyoiandika, la sivyo majaribio yake hayatakamata kitu. Na kabla mtu yeyote hajafungua kompyuta, kikundi kilete ukurasa mmoja wa karatasi: jina la kila sehemu, inapokea nini, inarudisha nini. Tumeona vikundi visivyo na ukurasa huo usiku wa kuamkia kuwasilisha. Wa kurudisha anatoa tarehe kama maneno, "12/03/2025". Wa faini anangoja namba ya siku. Kila mmoja anaapa sehemu yake inafanya kazi, na kweli inafanya.

Alama 60 ziwe za kikundi na 40 za mtu binafsi, zipatikane kwa mdomo na kwa jaribio la darasani. Kikundi kinakuja mezani, kila mmoja ana namba yake, mwalimu anarusha dadu, mwenye namba inayotokea ndiye anayeeleza, na haelezi sehemu aliyoiandika yeye. Ikitoka 5 au 6 kwa kikundi cha watu 4, rusha tena. Dakika 6 kwa kila kikundi, vikundi 24, ni saa 2 na dakika 24. Ni muda mwingi kwa mwalimu mmoja, lakini ni mfupi kuliko kusahihisha ripoti 24 zenye kurasa 30. Isitoshe, tangu ChatGPT itolewe Novemba 2022, ripoti haikuambii tena nani anajua nini. Dadu inakuambia. Wanafunzi wakishajua kwamba yeyote anaweza kuitwa, kipanga mwenyewe ndiye anayekaa na kilaza usiku kumfundisha, kwa sababu alama 40 hazimhusu kilaza peke yake: kwa kila mmoja tunachukua wastani wa alama yake mwenyewe ya jaribio la darasani na ile ya mwenzake aliyeitwa.

Fomu za kupimana wenyewe kwa wenyewe tulizitegemea zaidi ya ilivyostahili. Ukiwaambia wagawane alama 100 kwa watu 4, utapata 25, 25, 25, 25 kutoka kila kikundi, hata kile ambacho mmoja hajaonekana tangu mwezi uliopita. Ni kuoneana haya. Nani amnyime mwenzake alama na wanalala kitanda cha juu na cha chini? Usiulize kiasi, uliza jambo: "Taja kitu kimoja ambacho kila mwenzako alikufundisha au alikikamata kikiwa kimekosewa." Mtegaji anajulikana kwa ufupi wa mistari inayomhusu. Uliza juma la 3, siyo juma la 14 wakati hakuna kinachorekebishika.

Wanaotumia Git, programu ya kutunza matoleo ya msimbo, wasidhani orodha ya git shortlog -sn itawapa haki. Amri hiyo inahesabu mara ngapi kila jina limehifadhi kazi, na jina linatoka kwenye user.name ya kompyuta husika. Jozi ikitumia mpakato wa mmoja, wote wawili wanaonekana kuwa ni yeye. Wafundishe siku ya kwanza kuandika mwishoni mwa ujumbe mstari wa Co-authored-by wenye jina na barua pepe ya mwenzao. Hata hivyo, usitoe alama kwa idadi: wataanza kuhifadhi kila wanapoongeza koma.

Ruhusa ya kuhama kikundi iwe moja tu, juma la 5. Kabla ya hapo hawajajuana, baada ya hapo mradi umeshika kasi. Anayetaka kuhama anakuja na kikundi chote, na wanakaa mezani dakika 10. Nusu ya maombi huishia hapo hapo, kwa sababu shida ilikuwa saa ya kukutana, na saa inaweza kubadilishwa.

Halafu kuna wa juma la 3: waliochelewa kusajiliwa kwa sababu ya mkopo au ada. Wako kila mwaka, na kwa kawaida wanapelekwa wote wakakae pamoja, watu wa mlangoni wapya. Mpe kila mmoja ile nusu karatasi, ajibu mbele yako. Kisha mpeleke kwenye kikundi cha watu 3 kama kipo, au kimoja cha watu 4 ambacho saa zake zinaingiliana na zake. Mweke karibu na C, umpe zoezi la chenji, na wiki hiyo yeye awe mwelekezaji zamu zote 4. Akiona mwenyewe ile 1.32, kibodi ataiomba kabla hujamwambia.